Kwamboka Anatazama Juu

Ijumaa asubuhi, Kisii. Ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati ya jirani, na maji ya mvua ya jana bado yanadondoka kutoka kwenye migomba. Nimeamka kabla simu haijaita. Chai imepoa hapa mezani, sijaigusa. Nina jambo moyoni, na nisipoliandika sasa kabla ya kutoka kwenda kazini, sitaweza kufanya lolote la maana leo.

Kwa wanaosoma hapa kwa mara ya kwanza: kazi yangu ni kutembelea familia zinazolea watoto wenye ulemavu, hapa Kisii na kule Nyamira. Nanyoosha viungo, nawafundisha wazazi mazoezi, napima viti, najaza fomu. Watu huniita daktari. Mimi si daktari. Zamani nilikuwa nawasahihisha, siku hizi naitika tu.

Naanza kwa kukiri. Jana niliondoka nyumbani nikiwa na hasira na mama mmoja.

Anaitwa Moraa. Anaishi chini kidogo ya soko la Ikonge, mahali ambapo mashamba ya chai yanateremka hadi mtoni. Binti yake Kwamboka ana miaka minane. Alizaliwa kwa shida, akakawia kulia, na mtindio wa ubongo ukamwachia mwili unaokakamaa. Hatembei. Hawezi kuketi peke yake. Haongei. Mwaka jana nilimpelekea kiti maalumu cha mbao chenye mikanda, kiti ambacho nilikipigania kweli kweli. Niliporudi baada ya miezi miwili nilikikuta barazani, kuku amelalia mayai juu yake. Nikaandika kwenye kitabu changu: "Familia haina ushirikiano." Baada ya hapo Moraa akakosa kliniki mara mbili, nami nikahisi kwamba niliandika kweli.

Pale Keumbu kuna mvulana ambaye mama yake anauza maparachichi kando ya barabara, naye hushinda amelazwa juu ya gunia nyuma ya meza. Nikaamua kiti kile kiende kwa mtu atakayekitumia. Nilijiandalia maneno njia nzima. Maneno makali, lakini ya heshima.

Nilibisha hodi mara tatu. Mlango ulikuwa umefungwa. Kiti kilikuwa palepale barazani, na kuku alikuwa palepale. Nikiwa nimesimama hivyo nikasikia sauti ya Moraa kutoka chini kwenye chai. Anauliza jambo, ananyamaza, anacheka, anauliza tena. Nilidhani yuko kwenye simu. Nikashuka nikipenya kati ya mistari, umande ukinilowesha hadi mapajani.

Moraa alikuwa anachuma, kikapu mgongoni, mikono ikienda kwa kasi ile ambayo macho yangu hayawezi kuifuata. Hakuwa na simu. Kwamboka alikuwa mbele yake, hatua tatu hivi.

Alikuwa ameketi ndani ya ardhi.

Sijui nieleze vipi. Ukingo wa shamba ulikuwa umechongwa kiti. Udongo wetu huu mwekundu ulikuwa umekatwa, ukapigwapigwa na kulainishwa, ukawa na mgongo, mahali pa makalio, mahali pa mikono, na chini kabisa ngazi ndogo ya kukanyagia. Ndani kulikuwa na gunia lililojazwa majani makavu ya mgomba. Mtoto ambaye mimi nimemwona siku zote akiwa amejikunja, kichwa kimeanguka kifuani, alikuwa ameketi wima. Nyonga zake zilikuwa sawa. Magoti yalikuwa sawa. Nyayo zote mbili zilikanyaga. Kichwa kilikuwa juu ya mabega yake, kikimfuata mama yake huku na huku.

Nimesomea kazi hii. Nimehudhuria semina nisizoweza kuzihesabu kuhusu namna ya kumketisha mtoto wa namna ile. Sijawahi kumwona mtoto ameketishwa vizuri hivyo.

"Bwakire buya, daktari," Moraa akanisalimu bila kuacha kuchuma. "Karibu shambani. Leo hukutuambia unakuja."

Nikauliza nani aliyechimba. Akasema ni Baba Kwamboka. Mumewe hufanya kibarua cha usiku kwenye kiwanda cha chai, na mchana akishalala kidogo hushika jembe. Siku moja baada ya mvua alimketisha mtoto kwenye udongo laini akaona mwili wake umeacha alama, akaifuata alama ile kwa panga. Kila mtoto anapokua kidogo, anachonga kidogo.

"Viko saba," Moraa akasema, akanionyesha kwa kidevu kule juu na kule chini. "Nikimaliza hapa namhamishia kile kingine. Siwezi kuchuma kama simwoni. Kile kiti chako ni kizuri, lakini hakipiti kwenye chai. Na akiketi humo analia."

Saba. Nilipanda na kushuka shamba lile kuvitazama kimoja kimoja, kama mtu aliyeingia kanisa kubwa kwa mara ya kwanza. Kila kimoja kilikuwa kimefunikwa kipande cha bati kisilowe. Yale maneno niliyoyaandaa njiani yalikuwa yamepotelea huko huko kwenye umande.

Lakini hicho sicho kilichoniamsha leo kabla ya simu.

Niliporudi alipo mtoto, nilimwambia Moraa kwamba kuna mvulana Keumbu anayehitaji kiti, na kama wao hawakitumii, ningependa kukichukua. Nilitegemea aseme sawa, au akasirike. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alitua kikapu, akachuchumaa mbele ya bintiye.

"Kwamboka. Daktari anataka kile kiti cha mbao ampelekee mtoto mwingine. Kiende?"

Kwamboka akatazama juu. Macho yote mawili, juu kabisa, kama anayetafuta ndege.

"Au kibaki?"

Akafumba macho.

"Kinakuumiza?" Juu. "Mgongo?" Akafumba. "Mguu?" Juu. "Huu?" Akafumba. "Huu?" Juu.

Moraa akanigeukia. "Anasema kinamuumiza mguu wa kushoto. Kumbe ndiyo maana alikuwa analia. Mimi nilidhani anakiogopa tu. Sikuwahi kumuuliza."

Nilipiga magoti pale kwenye udongo nikaushika ule mguu wa kushoto. Mguu wa kushoto wa Kwamboka ni mfupi kuliko wa kulia. Niliupima mwenyewe mwaka jana. Nikaandika vipimo mwenyewe, na nikakosea mwenyewe, kwa sababu mahali pa kukanyagia nilipatengeneza sawa pande zote. Mtoto alikuwa ananing'inia kwa mguu mmoja kila alipofungwa kwenye kiti changu. Na mimi nikaandika kwamba familia haina ushirikiano.

Niliurudisha mguu ule taratibu kwenye ngazi yake.

Kisha nikamuuliza Moraa ameyajulia wapi haya ya macho. Akasema mtoto akiwa na miaka minne, alikuwa anamnywesha uji naye hataki kumeza, anageuza macho upande wa jikoni, anageuza tena na tena. Moraa akamgombeza. Halafu akasikia harufu. Maharagwe yalikuwa yanaungua.

"Nikaketi chini, daktari. Nikalia. Nikamwambia, 'Omwana one, mwanangu, ulikuwa unaniambia.' Kuanzia siku hiyo nikamfundisha, ukitaka tazama juu, ukikataa funga macho. Siku mbili tu akawa amejua. Nikamwambia baba yake, huyu mtoto yuko ndani. Ni sisi tumekaa nje bila kubisha hodi."

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

Alisitasita. Moraa ni mtu wa heshima na hakutaka kunivunjia yangu.

"Ulikuwa unajaza fomu, ukaniuliza kama anaongea. Nikasema haongei. Ni kweli haongei. Na ile siku pikipiki ilikuwa inakungoja." Akachuma jani moja, akalitupa. "Hospitali fulani niliwahi kuwaambia. Walicheka. Wakasema, mama, hayo ni mapenzi tu."

Nakumbuka ile siku. Nakumbuka ile pikipiki. Na nakumbuka ile fomu ilikuwa ya nini. Ilikuwa ya kuombea Kwamboka nafasi kwenye darasa la watoto wenye mahitaji maalumu katika shule ya msingi iliyo karibu nao. Kuna swali linasema: Je, mtoto anawasiliana? Nilitia alama penye La. Haikunichukua hata dakika. Shule ikajibu kwamba mtoto asiyeweza kujieleza bado hawajaweza kumpokea, wakaniachia mimi nimweleze mama. Nilimweleza kwa simu.

Kwa hiyo mwaka mzima binti huyu amekaa shambani kwa sababu ya kalamu yangu.

Nilimwambia Moraa ukweli huo palepale. Sikutaka kungoja niupambe. Alifungua aproni yake ya plastiki na kuikunja.

"Basi twende sasa," akasema. "Shule haijafungwa."

Nikamwomba anipe mimi mtoto nimbebe. Nimemshika Kwamboka mara nyingi: kunyoosha, kupima, kugeuza. Jana ndiyo mara ya kwanza nilimfunga mgongoni kwa leso. Miguu yake mirefu ilining'inia hadi magotini mwangu na pumzi yake ilinipasha shingo. Ni mzito. Mlima ule kutoka mtoni hadi barabarani nilipumzika mara nne. Moraa huupanda karibu kila siku, na kikapu juu yake.

Mwalimu wa lile darasa, Mwalimu Nyanchama, ni mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alitukaribisha vizuri, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kabati, akatoa faili, akaniwekea mbele ile fomu.

"Daktari, ni wewe uliyeandika hapa. Sahihi si yako?"

Ilikuwa yangu. Nikasema nilikosea. Hilo ni neno moja tu, lakini lilikuwa zito kuliko mtoto niliyempandisha mlimani.

Akasema atajaribu kumwuliza mwenyewe, nikamfungua mgongoni nikampakata. Akachukua kalamu. "Kwamboka, hii ni kalamu?" Kwamboka akatazama dirishani. "Hiki ni kitabu?" Dirishani. "Huyu ni mama?" Kimya. Mkono wake mmoja ulikuwa umeanza kukakamaa. Mwalimu aliniangalia kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko kama angenicheka.

Ndipo Moraa akasema, polepole, "Mwalimu, samahani. Huyu anajua kwamba wewe unajua hiyo ni kalamu. Muulize kitu usichokijua."

Mwalimu Nyanchama akaiweka kalamu mezani. Halafu akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyekubali dau.

"Haya. Basi nyinyi wawili tokeni nje. Asije mtu akasema mama ndiye anayejibu."

Alimwegemeza Kwamboka kifuani mwake mwenyewe, mbele ya kioo kidogo cha ukutani ili amwone macho. Sisi tukatoka.

Tulisimama chini ya paa karibu na tangi la maji. Mvua ilikuwa imeanza. Moraa, ambaye mikono yake haitulii kamwe, alikuwa ameishikilia mmoja kwa mwingine. Ndani nilisikia sauti ya mwalimu, swali baada ya swali, sikuyashika maneno. Robo saa. Labda zaidi. Kisha nikasikia mwalimu anacheka. Anacheka kwa sauti, kama mtu aliyesahau yuko shuleni.

Alipotuita alikuwa na karatasi mkononi na machozi kwenye mashavu.

"Mama Kwamboka, nisahihishe. Juzi jioni mlikula ugali na mboga za chinsaga." Moraa akaitika. "Mna ng'ombe mmoja. Si mweusi. Ana ndama. Ndama ni jike."

"Ee."

"Baba hulala mchana."

"Ee, mwalimu."

"Halafu nikamuuliza kama kuna jambo nyumbani ambalo mama halijui. Akatazama juu. Tukatafuta, tukatafuta. Ni kitu cha kula? Hapana. Cha kunywa? Ndiyo." Akaanza kucheka tena. "Mama, wewe ukienda sokoni, Baba Kwamboka humpa mtoto chai yenye sukari vijiko vinne."

Moraa akashika mdomo. Yeye ndiye aliyekataza sukari nyumbani kwa sababu ya meno ya mtoto.

Kwamboka, kifuani mwa mwalimu, alikuwa anatabasamu kwa mdomo wote. Meno yake ni mazuri, na sasa najua sifa hiyo si ya baba.

"Mimi nimefundisha miaka mingi," Mwalimu Nyanchama akasema, akijifuta macho kwa ukingo wa sketi. "Mtoto anayeweza kumsema baba yake anaweza kukaa darasani kwangu. Jumatatu mleteni. Tutaanza na asubuhi tu, tuone." Kisha akanisogezea fomu na kalamu ileile. "Na wewe daktari, andika upya."

Niliandika. Palipo na La nikapiga mstari, nikatia sahihi kando yake. Halafu chini, mahali pa maelezo, ambapo kwa kawaida huwa naacha wazi, nikajaza mpaka nafasi ikaisha.

Tulirudi mvua ikiwa imepungua. Baba Kwamboka alikuwa ameamka, amekaa barazani na kikombe. Moraa hakumsalimu. Alisema tu, "Vijiko vinne?"

Mwanamume yule akamtazama mke wake, akanitazama mimi, mwisho akamtazama bintiye aliyekuwa mgongoni kwangu.

"Umenisema?"

Kwamboka akatazama juu.

Tulicheka sote. Kisha Moraa akamweleza kwa Ekegusii habari ya shule, Jumatatu, asubuhi. Aliacha kucheka. Aliweka kikombe chini, akasema, "Ng'ombe hajapewa maji," akaenda nyuma ya nyumba. Ng'ombe alikuwa amelala mbele yetu, ndoo imejaa kando yake. Tukamwacha. Alirudi baada ya muda mrefu, macho mekundu, akauliza tu kama darasani kuna mahali pa kuchimba.

Nikamwambia sakafu ni ya saruji. Lakini nikamwomba anipeleke kwenye kile kiti cha udongo anachokiamini zaidi, nikatoa utepe wangu, nikakipima. Safari hii sikumpima mtoto. Nilipima kazi ya baba yake: kina, mgongo, ngazi ya kulia na ngazi ya kushoto. Ndiyo, alikuwa ameziweka tofauti, upana wa vidole viwili. Hakusomea popote. Nilimuuliza alijuaje.

"Nilimuuliza," akasema.

Fundi wangu wa mbao ana vipimo hivyo tangu jana jioni. Mpaka kiti cha darasani kiwe tayari, Mwalimu Nyanchama amesema atamketisha mapajani mwake. Kiti cha zamani kitaenda Keumbu, lakini kwanza nitakaa na yule mvulana nimuulize wapi panamuuma, hata ikinichukua asubuhi nzima kujua anajibu kwa kitu gani: kwa jicho, kwa kidole, kwa pumzi.

Nimefanya kazi hii miaka kumi na miwili. Nilidhani mimi ndiye ninayepeleka maarifa kwenye nyumba hizi, napanda milima nikiwa nayo mfukoni. Jana nimemwona mama aliyemfundisha mtoto lugha kwa siku mbili akiwa na sufuria ya maharagwe yaliyoungua. Nimemwona kibarua wa usiku aliyechonga ardhi ikamfuata binti yake anavyokua. Mpaka sasa nikifumba macho naviona vile viti saba kwenye chai. Ni mahali pa kuvua viatu.

Na bado kuna hili, ambalo ndilo hasa limenitoa kitandani.

Vitabu vyangu vya miaka yote hiyo viko hapa mezani, pembeni ya chai iliyopoa. Nimevifungua asubuhi hii. Nimeyaona majina yenye alama ileile, mahali palepale: La. Nimeogopa kuyahesabu. Wangapi kati yao walikuwa wakitazama juu wakati mimi nimeinamia karatasi?

La kwanza kabisa ni la msichana wa upande wa Itumbe. Wakati ule alikuwa na miaka mitano. Sasa atakuwa mkubwa. Mama yake bado ana namba ileile, nimempigia sasa hivi, akashtuka, akauliza kama kuna tatizo. Nimemwambia hapana, nataka tu kuja kumuuliza binti yake jambo.

Akasema, "Njoo. Amekungoja sana."